Wateja wa Mama Povu

Mama Povu hakuwa mtu wa kinyaa. Hili lijulikane mapema, maana huko mbele kinyaa kitamshika mpaka atafute pa kutemea mate, na mtu asije akadhani ni mwanamke wa kubana pua kwa kila kitu. Huyu alifua shuka ambazo nzi wenyewe waliziona kwa mbali, wakashauriana, wakaghairi. Aliwahi kufua fulana ya mtu aliyeungua, kitambaa na ngozi vimeshikana mpaka haijulikani kipi ni kipi, na mchana akanawa, akala, akaomba aongezewe.

Jina alipewa na wagonjwa. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kumwamsha mtu aliyechomwa sindano ya usingizi, na viwiko vyake havikuonekana hata siku moja bila povu. Waliopenda kutia chumvi walisema hata akipiga chafya hutoka povu. Marehemu mumewe, siku zake za mwisho wodini, alikuwa akilalamika kwamba mkewe akikikalia kitanda kinateleza.

Huyo mumewe ndiye aliyempeleka kwenye kazi hiyo, maana alilazwa hospitali kuu ya serikali na hakutoka tena. Mashine ya kufulia ya hospitali ile ilikufa zamani, kabla baadhi ya madaktari wake hawajazaliwa, kwa hiyo mgonjwa alifuliwa na ndugu zake. Asiye na ndugu alilalia alichonacho. Kitanda cha dirishani, jirani na cha mumewe, alilala mzee mshona viatu ambaye hakuna aliyekuja kumwona. Shuka lake lilikuwa limekauka likawa kama bati. Akijigeuza, linalia.

"Baba, nipe hilo nikalifue," Mama Povu akamwambia.

"Niache, mama. Mimi si ombaomba. Nimeshona viatu vya wakubwa mimi. Niache na uchafu wangu."

"Nani kakuambia natoa sadaka? Mimi ni dobi, natafuta wateja. Wewe ndiye wa kwanza, na mteja wa kwanza halipi, anafungua biashara tu."

Mzee akanyanyua kiuno, taratibu, shuka lipite. "Basi ufue vizuri," akasema. "Ukilipua kazi nahamia kwa dobi mwingine."

Hapo ndipo neno lilipozaliwa. Mama Povu aliona kwamba mtu akiitwa maskini hugeukia ukutani, lakini akiitwa mteja hudai shati lipigwe pasi. Tangu siku hiyo kila asiye na ndugu katika wodi zile akawa mteja. Hakuna aliyelipa hata siku moja. Wanawake wengine waliofiwa na watu wao pale wakajiunga naye mmoja mmoja, wakapewa na hospitali uwanja wa nyuma wenye bomba, karo la saruji la kufulia na nyaya za kuanikia. Msaidizi wake mkuu alikuwa mwanamke mrefu kupita kiasi aliyeitwa Mlingoti. Wengine walianika kwa kunyanyua mikono. Mlingoti alianika kwa kuinama.

Wakawa na neno la pili. Ilitokea mara nyingi wapeleke nguo safi, zimekunjwa vizuri, wakute kitanda kitupu na godoro limegeuzwa. Sasa utasemaje "amekufa" katikati ya wodi, na huku vitanda vyote vina masikio? Mlingoti ndiye aliyeokota maneno ya yule dada wa kwenye simu. Akarudi uwanjani na furushi lake kwapani, akasema: "Mteja hapatikani." Kila mtu akaelewa. Wanajikaza hivyo hivyo mpaka karoni, wanafungulia bomba kwa nguvu zote, ndipo wanalia, maana maji yakipiga kelele kilio hakifiki wodini.

Miaka ikaenda hivyo. Wateja waliongezeka, na mikono ikaanza kuisha. Dawa ya madoa ilikula ngozi ya Mama Povu mpaka viganja vikawa vyekundu na laini kama vya mtoto mchanga, ila mtoto mchanga hasikii moto akishika chumvi. Mlingoti alipoteza kucha. Mwenzao mmoja vidole viligoma kukunjika, akawa anakula kwa kijiko alichofungiwa mkononi kwa mpira. Ilionekana wazi kwamba wakiendelea kwa mkono, siku si nyingi hao wafuaji nao watakuwa wateja.

Basi mpwa wa Mama Povu, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akisafisha vyumba vya hoteli moja ng'ambo, akasikia hoteli inabadilisha mashine zake. Akawaomba moja, wakampa bure. Mashine kubwa hiyo, yenye mdomo wa kumeza shuka za wodi nzima kwa mlo mmoja. Kabla ya kuisafirisha aliandika ubavuni kwa rangi nyekundu: KWA MAMA POVU. Ikafika salama, ikaingizwa ghala la forodha, na mwenye ghala akatoa kauli yake.

"Leteni cheti kwamba nyie ni kikundi cha hisani, mmesamehewa kodi. Mkileta, mzigo wenu huu hapa. Msipoleta, mtalipa ushuru."

Alipotaja ushuru wenyewe, Mama Povu aliomba kiti. Mashine mpya ingekuwa nafuu.

"Na tukishindwa vyote?"

"Itapigwa mnada, mama. Ghala si nyumba ya wageni."

Wakapeleka ombi ofisi ya kodi. Ofisi ikamtuma mkaguzi aje kuona kwa macho yake. Alikuja asubuhi moja mbaya. Mchukuzi aliyekatwa mguu, wa kitanda kile kile cha dirishani, mtu wa utani aliyewaita wanawake wote wachumba zake, alikuwa amefariki alfajiri. Mkaguzi alisimama mlangoni mwa uwanja, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, na kitambaa cheupe amekikandamiza puani. Hakuingia. Alinyoosha shingo kama mtu anayechungulia shimo la choo.

"Karibu ndani, baba," Mama Povu akamwita huku mikono imezama kwenye damu iliyoganda. "Chukua ndoo ukalie."

"Hapa panatosha," akasema ndani ya kitambaa. "Hii kazi ya nini hii?"

"Tunawafulia wagonjwa."

Kabla hajaongeza neno, Mlingoti akatokea wodini na furushi kwapani, uso umemvimba, akasema kwa sauti ya kukatika: "Mteja wa dirishani hapatikani."

Wanawake wakaacha kusugua. Mmoja akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Wenzake wanasema hakuaga."

"Ametuacha hivi hivi, na shati lake nimelipiga pasi!"

Bomba likafunguliwa. Mkaguzi akatikisa kichwa, akaandika kitu, akaondoka akiruka vidimbwi kama kuku kwenye majivu ya moto. Hakuuliza chochote tena. Wanawake wakampa jina, Bwana Kitambaa, wakaendelea na msiba wao.

Muda ukapita, jibu likaja. Mama Povu hakusoma shule, kwa hiyo akampelekea shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mtumishi wa mahakama aliyestaafu. Kazi yake maisha yote ilikuwa kupaza sauti "Kimya mahakamani!" hakimu anapoingia, na watu wakamwita Kimya, ingawa yeye mwenyewe hakujaliwa kukaa kimya hata usingizini. Alivaa miwani, akakohoa kimahakama, akasoma.

"'Baada ya ombi lenu kusikilizwa, limeonekana halikidhi vigezo. Limekataliwa.' Kisha muhuri."

"Rudia hapo mwanzo."

"'Baada ya ombi lenu kusikilizwa.'"

"Limesikilizwa na nani, shemeji? Mimi nilikuwa kwangu, nimenyamaza."

Kimya akavua miwani. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Shemeji, nimewasimamisha kizimbani wezi wa kuku. Nimewasimamisha watu waliokamatwa kuku yuko kwapani, bado analia. Kila mmoja, sikiliza, kila mmoja hakimu alimuuliza: una la kusema? Na yule wa kuku akasema kuku alimfuata mwenyewe. Akasikilizwa! Wewe hata kosa lako hujaambiwa."

Wakaenda ofisini. Foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba mwanamke mmoja aliingia na mimba akafika dirishani mtoto anamwambia mama twende. Dirisha lenyewe lilikuwa kioo kizima chenye tundu dogo, na tundu limetobolewa usawa wa kitovu, ili mtu akitaka kusema ainame. Mama Povu, kwa ufupi wake, hakuinama sana. Alichungulia, akamwona karani amejichimbia kifuniko cha kalamu sikioni. Karani alikizungusha, akakitoa, akakitazama alichokipata, akakipaka chini ya meza, kisha akasema:

"Ehe?"

Hapo ndipo kinyaa kilipomshika Mama Povu kwa mara ya kwanza. Usaha hakuuonea kinyaa, damu hakuionea, lakini sikio lile! Alimeza mate yakakataa kwenda.

"Nimekuja kuuliza kwa nini tumekataliwa."

"Faili limefungwa, mama."

"Lifungueni."

"Haliwezi kufunguliwa."

"Lina kufuli?"

Nyuma yake watu wakacheka. Karani hakucheka. "Sababu ni za ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya ofisi."

"Mimi nipo ndani ya ofisi," Mama Povu akasema. "Au hapa niliposimama ni uwani?"

Kimya akaingiza mdomo kwenye tundu. "Kijana, mteja wangu ana haki ya kusikilizwa!"

"Hii si mahakama, mzee. Hapa ni karatasi inasoma karatasi. Anayefuata!"

Wakati huo Bwana Kitambaa akapita nyuma ya kioo na kikombe cha chai. Mama Povu akamwamkia kwa sauti yake ile ya wodini, na ofisi nzima ikageuka. Bwana Kitambaa akamtambua. Unajuaje kwamba alimtambua? Mkono ulikwenda mfukoni, kitambaa kikatoka, kikapanda puani. Na Mama Povu siku hiyo alikuwa ameoga mara mbili na kuvaa nguo aliyoshonewa harusi ya mpwawe.

Nje, Kimya alifanya kazi ya kuulizauliza, akagundua jambo lililomfanya ashike kichwa. Aliyekuja kukagua ni Bwana Kitambaa. Aliyeandika taarifa ni Bwana Kitambaa. Aliyeamua na kugonga muhuri ni Bwana Kitambaa.

"Yeye shahidi, yeye hakimu, yeye karani wa mahakama," akasema. "Amebakiza kujipigia makofi. Shemeji, tunakwenda rufaa."

"Na mashine?"

"Mashine itasubiri."

"Mwenye ghala kasema haisubiri."

"Itasubiri, shemeji! Serikali ni moja."

Masikini Kimya. Alikaa mahakamani muda mrefu mno, akaja kuamini vitu.

Baraza la Rufaa la Kodi lilikaa katika chumba chenye baridi kiasi kwamba nzi aliyetua mezani alionekana akisugua mikono. Wajumbe walikuwa watatu. Mwenyekiti, mtu wa mashavu, alikuwa anachovya mkate kwenye chai, na vipande vinakatikia humo humo kikombeni, naye anavivua kwa kidole. Wa pili alilala tangu mwanzo mpaka mwisho. Wa tatu alikuwa mama mwenye miwani yenye mnyororo, na huyo peke yake alikuwa amefungua faili. Bwana Kitambaa aliketi upande wa pili, ametulia, mfuko wa koti umetuna.

"Tuanze," mwenyekiti akasema na kidole mdomoni. "Mkaguzi, soma taarifa yako."

Ndipo kwa mara ya kwanza Mama Povu akasikia kosa lake. Bwana Kitambaa akasimama, akasoma kwa sauti ya kuhubiri.

"'Nilifika eneo la tukio. Nilishuhudia kazi ya udobi ikiendelea kwa kiwango kikubwa. Wahusika walisikika wakitumia neno mteja. Aidha, mmoja wao alitoa taarifa kwamba mteja mmoja hapatikani, na kwamba aliondoka alfajiri bila kuaga, akiwa ameacha shati lililokwisha kupigwa pasi. Wahusika walionyesha masikitiko makubwa. Ni dhahiri kwamba hiki si kikundi cha hisani bali ni biashara, tena yenye wadaiwa sugu.'"

Chumba kikanyamaza. Hata Kimya, na hilo lilikuwa jambo la kuandikwa ukutani.

Mama Povu alianza kucheka. Kicheko kikaanzia tumboni, mabega yakatikisika, mwenyekiti akatabasamu naye bila kujua anacheka nini. Halafu, bila mtu kuona kilipobadilika, kicheko kikawa kitu kingine, na akajifuta uso kwa viganja vile vyekundu.

"Alikuwa amekufa, baba," akamwambia Bwana Kitambaa.

"Nani?"

"Mteja. Alikuwa mchukuzi, alikatwa mguu. Kufa ndiko kuondoka bila kuaga. Sisi hatusemi amekufa mbele ya wagonjwa, tunasema hapatikani. Yale masikitiko makubwa uliyoyaona yalikuwa msiba."

Mama wa miwani akainamia meza.

"Na kwa nini mnawaita wateja?"

"Kwa sababu wana aibu, mwanangu. Mtu mzima amelala kwenye mkojo wake, hana mtoto wala ndugu, ukimwambia nakusaidia anakufukuza. Ukimwambia wewe ni mteja wangu, anakupa shuka. Hakuna anayelipa. Siku mtu akilipa nitajua nimekosea kitanda."

"Mkaguzi," mama wa miwani akasema, "kabla hujaandika haya, ulimuuliza?"

"Mheshimiwa, mazingira hayakuruhusu."

"Mazingira gani?"

"Harufu, mheshimiwa."

"Kwa hiyo ulifunga pua," akasema yule mama polepole, "na masikio yakafungika yenyewe?"

Mwenyekiti, ambaye wakati wote huo alikuwa akikitafuta kipande kikubwa alichokivua, kumbe kimemwangukia kwenye tai, akainua kichwa. "Ninachotaka kujua mimi, mama, jibu ndiyo au hapana. Mna wateja au hamna?"

Mama Povu akamtazama. Akautazama ule mkate uliolegea kwenye tai. Miaka yote ya karoni, na kinyaa hakijawahi kumshika kama kilivyomshika pale. Kweli alitafuta pa kutemea. Palikuwa na zulia kila mahali.

"Umesikia niliyoyasema, baba?"

"Tumekusikia, mama, tumekusikia. Kila neno. Ndiyo au hapana?"

Wajumbe wawili wakanong'ona, yule aliyelala akaamshwa akubali. Ikatoka hukumu. Uamuzi wa ofisi ya kodi umetenguliwa, kwa sababu waombaji hawakuambiwa kosa wala hawakuulizwa. Suala linarudishwa ofisi ile ile ili waombaji wasikilizwe ipasavyo.

Kimya akasimama. "Waheshimiwa, tunaomba mashine isiuzwe mpaka tusikilizwe."

"Hiyo ni forodha," mwenyekiti akasema, akibeba kikombe chake. "Sisi ni kodi. Mtu wa kodi haingilii ya forodha."

Nje, Kimya alimkumbatia shemeji yake barazani. "Tumeshinda!"

"Tumeshinda nini?"

"Haki ya kusikilizwa, shemeji!"

"Na nani?"

Kimya akafikiri. Furaha ikamshuka usoni kidogo kidogo, kama nguo inayoteleza kwenye waya. "Na... na Bwana Kitambaa."

Kusikilizwa ipasavyo kukapigwa danadana. Mara mkaguzi yuko semina, mara gari halina mafuta, mara faili limekwenda ghorofani na bado halijashuka. Mama Povu alikwenda ghalani kila alipopata nafasi, akiwaomba wasiuze. Mwenye ghala alimwambia mnada huzuiwa kwa karatasi, na karatasi hiyo haijamfikia. Mwishowe Bwana Kitambaa akaja uwanjani, suti nyingine, kitambaa kile kile. Safari hii Kimya alikuwa amesimama mlangoni kama zamani zake, akapaza sauti: "Kimya!" Wanawake wakacheka mpaka wakashika karo.

Mama Povu akapindua ndoo, akaifuta. "Kaa hapa. Kitambaa kiweke mfukoni, wenzako wa barazani wamesema kikipanda juu husikii."

Akakaa. Nao hawakuacha kazi. Walisema huku wanasugua, mmoja anapokezana na mwingine: mzee mshona viatu, shuka la bati, neno mteja, neno hapatikani. Huku wakisema wakakunjua shuka za siku hiyo, moja baada ya nyingine, mbele ya magoti yake, ili asikie vizuri. Bwana Kitambaa aligeuka rangi. Alijikaza, lazima asifiwe, alijikaza mpaka Mlingoti alipoufungua mzigo wa wodi ya vidonda. Hapo chai yake na vilivyofuatana nayo vikatoka, vyote, juu ya shuka lililokwisha suuzwa, juu ya viatu vinavyong'aa, mpaka kwenye suti.

Hakuna aliyekunja uso. Mlingoti alilitoa lile shuka, akalirudisha kwenye maji ya kwanza. Mama Povu alimvua koti kama anamvua mtoto, akalitumbukiza karoni.

"Samahani," Bwana Kitambaa akasema, machozi yanamtoka puani. "Samahani sana, mama. Nitalipa."

"Hulipi," akamwambia. "Na wewe ni mteja."

Cheti kilitoka. Kikundi cha hisani, kimesamehewa kodi, muhuri juu, muhuri chini. Wanawake walikodi gari la mizigo, na wakakubaliana kwamba shuka za asubuhi ile zisifuliwe kwa mkono, ziwe mlo wa kwanza wa mashine. Wakazifunga furushi moja kubwa, zenye damu yake, mkojo wake na kila kitu chake, wakalipakia, wakaenda ghalani wanaimba.

Mwenye ghala alikisoma cheti pande zote mbili. "Kizuri," akasema. "Mashine iliuzwa."

"Lini?"

"Mlipokuwa huko, mnasikilizwa."

Kimya alitafuta neno la mahakamani, akalikosa. Mama Povu alichouliza ni nani aliyenunua. Mwenye ghala, kwa kuwa lile halikuwa la ndani ya ofisi, akamwelekeza.

Lilikuwa duka jipya la dobi katika mtaa wa maduka makubwa, mbele kioo kitupu, ndani taa nyeupe na harufu ya maua. Kupitia kioo Mama Povu aliiona. Ilikuwa inazungusha vitambaa vya meza vya hoteli, vilivyokuwa vyeupe tangu havijaingia. Mwenye duka alikuwa amekwangua maandishi ya ubavuni, ila neno la mwisho alikuwa ameliacha, maana aliona linafaa biashara. POVU, nyekundu. Mama Povu hakujua kusoma, lakini umbo la jina lake alilijua. Mpwawe alikuwa amemtumia picha.

"Twende, shemeji," Kimya akasema kwa sauti ya chini, ya kwanza maishani mwake. "Tutaandika barua."

"Nani ataisikiliza?" akauliza. Akageuka, akamwita Mlingoti, wakalishusha furushi kutoka garini. Wakaingia nalo, huku limeanza kuvuja.

Binti wa kaunta, kucha ndefu, tabasamu la kazi, hakuwa ametazama vizuri. "Karibu, mteja," akasema.

Mama Povu alilipandisha furushi juu ya kaunta nyeupe, akafungua fundo, akakunjua shuka la juu kabisa, lile la kitanda cha dirishani, akalisambaza kwa viganja vyake vyekundu mpaka likafunika kitabu cha risiti na maua ya chupani. Waliokuwa wamekaa kwenye viti wakaondoka na nguo zao bila kungoja pasi. Binti akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mashine, akapapasa mfukoni, akatoa kitambaa.

"Fueni," Mama Povu akamwambia. "Mteja wa kwanza halipi."